Kigeuze uone kitako: seladoni ya Korea na makumbusho ya Kansong

Swali: "Mimi huongoza wageni katika magofu ya Gede. Kila siku nawaonyesha vigae vya kijani na kuwaambia vilitoka Uchina. Oktoba nitakuwa Korea Kusini kwa mafunzo ya wiki tatu, na mgeni mmoja Mkorea alinisihi nisikose makumbusho ya Kansong mjini Seoul, ambayo ni ya mtu binafsi na yana chupa maarufu ya kijani yenye makorongo. Nasikia jumba hilo hufunguliwa wiki chache tu kwa mwaka. Kwa nini? Nikifika niangalie nini? Na je, baadhi ya vigae vyetu huenda ni vya Kikorea?"

Jibu: Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo unaweza kulijibu mwenyewe kabla hujapanda ndege. Chukua kigae cha kijani ulichoruhusiwa kukishika, hasa chenye sehemu ya kitako, ukigeuze. Wageni hutazama uso wa chombo. Anayejua vyombo hutazama kitako kwanza, kwa sababu mfinyanzi hakuwa na haja ya kukipamba wala kukificha.

Vyombo vingi vya kijani vilivyofika Gede, Kilwa na miji mingine ya pwani yetu vilitoka Longquan, katika mkoa wa Zhejiang. Kwenye kitako utakuta mahali palipoachwa bila gilezi, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, na hapo udongo umeiva rangi ya kutu. Kwenye sahani kubwa, alama hiyo mara nyingi ni duara zima chini ya kitako, kwa kuwa sahani ilikalishwa juu ya kigingi cha mviringo ndani ya tanuri. Ukitazama mahali kigae kilipovunjika, udongo wa ndani ni wa kijivu cheupe, na gilezi juu yake ni nene, mara nyingine imepakwa zaidi ya mara moja, haionyeshi ndani, kama jiwe la jade. Mapambo yake ni petali za yungiyungi zilizochongwa kwa nje, au samaki wawili walioumuka katikati ya sahani.

Vyombo vya gilezi ya kijani kama hivi huitwa seladoni. Seladoni nzuri ya Korea, ile ya enzi ya Goryeo (918 hadi 1392), ina tabia tofauti. Mfinyanzi alitaka gilezi ifunike chombo chote, kitako kikiwemo. Lakini gilezi ikiyeyuka hugeuka gundi: chombo kikikaa moja kwa moja kwenye sakafu ya tanuri, hakibanduki tena bila kuvunjika. Kwa hiyo alikikalisha juu ya vipande vidogo sana vya jiwe jeupe la kwazi, mara nyingi vitatu. Ni mafiga matatu hasa, ila yana ukubwa wa punje. Chombo kilipobanduliwa, mafiga hayo yaliacha alama tatu ndogo nyeupe chini ya kitako. Katika kazi za hali ya chini utakuta makovu ya mchanga au ya madonge ya udongo, hayana unadhifu huo. Udongo wa Goryeo ni wa kijivu, na gilezi yake ni nyembamba, unaona hadi ndani, imejaa viputo vidogo. Mjumbe wa Kichina aitwaye Xu Jing, aliyefika Korea mwaka 1123, aliandika kwamba wenyeji waliisifia rangi hiyo na kuiita bisaek. Unaweza kuielewa kama rangi ya manyoya ya mdiria.

Wembamba huo wa gilezi ndio ulioruhusu ufundi ambao Wakorea waliufikisha mbali kuliko wengine wote, uitwao sanggam. Chombo hufinyangwa na kuachwa kikauke nusu, kiasi kwamba kidole hakizami lakini kisu bado kinakata bila kumega. Picha huchongwa kwa ncha kali. Mashimo ya picha hujazwa uji wa udongo, mweupe kwa sehemu zitakazobaki nyeupe, na wenye chuma kingi kwa zitakazotoka nyeusi. Uji una maji mengi kuliko chombo, kwa hiyo ukikauka hunywea. Ukijazwa mara moja tu huacha ufa pembeni ya mchoro au hudondoka wote. Ndiyo maana hujazwa kwa awamu. Kisha uso wote hukwanguliwa mpaka mchoro ujitokeze. Ukikwangua mapema, weupe na weusi hupakazana. Ukichelewa, kingo za mchoro humeguka. Chombo huchomwa mara ya kwanza kwa nyuzi 700 hadi 800 hivi za Selsiasi, hupakwa gilezi, kisha huchomwa tena kwa nyuzi 1,200 na zaidi.

Mchomo wa pili ndio unaoua vyombo vingi. Gilezi ina chuma kidogo tu, na rangi yake hutegemea hewa. Tanuri likinyimwa hewa, moto hunyonya oksijeni iliyoshikamana na chuma, na rangi huwa kijani cha kuelekea buluu. Hewa ikipenya, chuma hubaki na oksijeni yake na chombo hutoka cha njano au kahawia. Ukiona chupa moja yenye ubavu wa kijani na ubavu wa rangi ya zeituni, ujue upande mmoja ulipigwa na hewa. Ule utando wa nyufa nyembamba juu ya gilezi mara nyingi haukuletwa na uzee. Gilezi hunywea zaidi ya udongo inapopoa, na hupasuka.

Sasa fikiria sanggam chini ya gilezi nene ya Longquan: picha ingezikwa kama chapa iliyotumbukia kwenye uji wa muhogo. Kwa hiyo kama kigae chako kina gilezi nene, hakina mchoro mweupe na mweusi uliozama ndani, na kitako chake kimeiva rangi ya kutu, endelea kuwaambia wageni ni cha Uchina bila wasiwasi. Biashara nayo inasema hivyohivyo. Longquan ilifinyanga kwa wingi kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Tanuri za Gangjin na Buan, kusini-magharibi mwa Korea, zilihudumia hasa kasri, mahekalu ya Kibudha na wakubwa wa nchi, na kiasi kilichotoka nje kilielekea Uchina na Japani.

Tuje kwenye chupa ya makorongo. Ni maebyeong, chupa yenye mabega mapana, mdomo mdogo na kiuno kinachopungua kuelekea chini, yenye urefu wa sentimita 42 hivi. Jina la mazoea ni Korongo Elfu, ingawa wanaohesabu hupata 69. Wale walio ndani ya miduara wanaruka kwenda juu, na wale walio nje, katikati ya mawingu, wanashuka. Ukizunguka kabati taratibu, macho hayapati pa kutua, na ndipo unapoelewa hiyo elfu ilikotoka. Usiishie kwenye makorongo, lakini. Angalia miduara yenyewe: mstari mweupe na mstari mweusi vimekaa sambamba bila kugusana, juu ya bega linalopinda. Kuchora duara kwenye karatasi ni kazi ndogo. Kulichonga kwenye bega la chupa na kulijaza udongo wa aina mbili ni kazi ya mkono usiotetemeka.

Chupa za umbo hili mara nyingi huelezwa kuwa za pombe, au za kuchomekea tawi la mplamu. Mwaka 2010 wazamiaji walitoa maebyeong kutoka meli iliyozama pwani ya Taean, zikiwa bado na vibandiko vya mianzi: moja ilikuwa imebeba asali, nyingine mafuta ya ufuta. Wewe unayetoka pwani utalielewa hilo haraka. Chombo cha thamani kilikuwa pia chombo cha kusafirishia.

Aliyekusanya vitu hivi ni Jeon Hyeong-pil, aliyezaliwa Seoul mwaka 1906 katika familia yenye mashamba na biashara, na kufariki 1962. Kansong ni jina lake la heshima. Alirithi mali akiwa kijana, wakati Korea ikiwa chini ya Japani na vitu vya kale vikichukuliwa kwenda Tokyo na Osaka. Mwongozo wake ulikuwa O Se-chang, mjuzi mkubwa wa maandiko na michoro, na nadhani hapo ndipo penye siri ya mkusanyiko wote: matajiri wenye fedha walikuwepo, lakini wachache walikubali kufundishwa kuangalia kabla ya kununua. Mwaka 1935 alilipa won 20,000 kwa chupa ya makorongo, wakati ambapo nyumba nzuri ya paa la vigae Seoul husimuliwa kuwa iligharimu kama won 1,000. Mwaka 1936 alishinda mnada wa chupa ya kaure nyeupe yenye maua na wadudu kwa won 14,580. Mwaka 1937 aliuza ardhi ya urithi akanunua seladoni 20 kwa mkupuo kutoka kwa John Gadsby, mwanasheria Mwingereza aliyekuwa akiishi Tokyo. Humo mna kichupa cha maji ya wino chenye umbo la nyani aliyembeba mtoto, kisichozidi sentimita 10 kwa urefu, na mtoto ameinua mkono kuushika uso wa mama yake. Watu hukipita kwa kuwa ni kidogo. Wewe usikipite.

Mwaka 1938 alijenga ghala na ukumbi wa vitu hivyo huko Seongbuk-dong, kaskazini mwa Seoul, jengo jeupe la orofa mbili lililosanifiwa na Park Gil-ryong na kuitwa Bohwagak. Ndiyo makumbusho binafsi ya kwanza ya kisasa nchini Korea. Hata hivyo umma ulianza kukaribishwa kwa ratiba mwaka 1971: wiki mbili hivi katika majira ya kuchipua na wiki mbili katika vuli.

Kwa nini wiki mbili? Kwanza, nyumba ile ilijiona kuwa taasisi ya utafiti kuliko ukumbi wa maonyesho. Kila ufunguzi ulikuwa matunda ya miezi ya kusoma. Pili, jengo la 1938 halikuwa na nafasi wala mitambo ya kisasa ya kudhibiti hewa. Lakini sababu ninayoiona nzito zaidi ni mwanga, na hesabu yake ni rahisi. Seladoni haidhuriki na taa. Mkusanyiko wa Kansong, hata hivyo, ni zaidi ya seladoni: umejaa michoro ya karatasi na hariri. Kipimo cha mwanga ni laksi. Kwa vitu dhaifu kama hariri na rangi za mimea, kiwango cha kimataifa ni laksi 50, na jumla ya mwaka isizidi 15,000 ukizidisha laksi kwa saa. Jumba likiwasha laksi 50 kwa saa 8, hutumia 400 kwa siku. Gawanya: posho ya mwaka mzima huisha siku ya 38. Misimu miwili ya wiki mbili hutumia 11,200, na kidogo hubaki kwa watafiti na wapiga picha. Madhara ya mwanga hujumlishwa na hayarudi nyuma; kulaza mchoro gizani hakuuponyi, kunausimamisha tu pale ulipofikia. Rangi nyingi za mawe huvumilia zaidi. Rangi za mimea ndizo zinazotangulia kupauka.

Ndiyo maana nakushauri upange safari yako kwa kufuata karatasi. Seladoni utaziona popote. Michoro ina zamu, na zamu ikipita inaweza kuchukua miaka kurudi. Cha kutafuta kwanza ni albamu ya mchoraji Sin Yun-bok, kurasa 30 za maisha ya mjini enzi ya Joseon, iliyofuata Goryeo, wanawake wakioga kijitoni siku ya sikukuu ya Dano huku vijana wakichungulia nyuma ya mawe, wapenzi wawili chini ya mwezi. Kila ukurasa ni mdogo, sentimita 28 kwa 35 hivi, kwa hiyo foleni husimama mbele yake. Picha yake ya mrembo, iliyo juu ya hariri, ndiyo inayovuta umati. Mwaka 2008, baada ya tamthilia ya televisheni kuhusu mchoraji huyo, foleni zilishuka mlima mpaka barabarani. Kuna pia milima ya Geumgang iliyochorwa na Jeong Seon, na maandiko ya Gim Jeong-hui, ambayo asiyesoma herufi za Kichina anaweza kuyafurahia kama anavyofurahia khati ya Kiarabu mlangoni: kwa uzito na wepesi wa mstari.

Na kuna kitabu kimoja. Hunminjeongeum Haerye kilichapwa mwaka 1446 kwa mbao za kuchonga, kina kurasa 33 za kukunjwa, na kinaeleza herufi 28 za Kikorea zilivyobuniwa: moja inafuata ulimi unavyoziba koo, nyingine umbo la mdomo, nyingine jino. Kilipotea kwa muda mrefu hadi kilipojitokeza Andong mwaka 1940. Inasimuliwa kwamba muuzaji alitaka won 1,000, Jeon akalipa 10,000 na kumpa dalali 1,000 nyingine. Alikificha, kwa kuwa wakati huo utawala wa Kijapani ulikuwa ukiifuta lugha ya Kikorea mashuleni. Kitabu kimo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 1997. Kurasa mbili za mwanzo si za asili, zilijaziwa baadaye; mwongozaji mzuri lazima alijue hilo.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana mgeni wako Mkorea huenda akaligusa. Mali iliyotangazwa kuwa Hazina ya Taifa inaweza kumilikiwa na mtu binafsi na hata kuuzwa, ila ndani ya nchi, na mabadiliko ya mmiliki lazima yaripotiwe. Kuitoa nje ni kwa maonyesho tu na kwa kibali. Mwaka 2020 familia ilipeleka mnadani sanamu mbili za Kibudha. Hakuna aliyenunua, na baadaye Makumbusho ya Taifa yakazichukua. Januari 2022 Hazina mbili za Taifa zilipelekwa mnadani, nazo zikakosa mnunuzi. Wakorea wengi waliumia, nami naona maumivu hayo yalikuwa ya haki, lakini ni rahisi kudai kitu kisiuzwe kuliko kulipa umeme wa ghala lake.

Sasa safari. Jumba la Seoul lilifanyiwa ukarabati likafunguliwa tena Mei 2024, na bado ni la misimu. Vuli ndiyo nafasi yako, lakini tazama tarehe kwenye tovuti yao kabla ya kukata tiketi ya ndege. Watu wamekuwa wakiingia kwa zamu za saa walizoweka mapema, na zamu hujaa haraka. Ukisubiri ufike ndipo uulize, umechelewa. Shuka kituo cha Hansung University, njia ya 4 ya treni ya chini ya ardhi, toka mlango wa 6, panda basi 1111 au 2112, au tembea dakika 20 hivi kwa kupanda. Ukikosa nafasi, au jumba likiwa limefungwa, usilalamike: tangu Septemba 2024 kuna Kansong ya Daegu, karibu na makumbusho ya sanaa ya mji huo, iliyojengwa ili ifunguliwe muda mwingi wa mwaka. Treni ya kasi kutoka Seoul hadi Dongdaegu, kituo cha Daegu, haifiki saa mbili, kisha chukua teksi. Kuna chumba chenye kioo ambamo unawaona mafundi wakitengeneza michoro iliyoharibika. Kwa mtu wa kazi yako, ningeiweka Daegu mbele ya Seoul. Zote mbili hufungwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo nenda Makumbusho ya Taifa, kituo cha Ichon kwenye njia ileile ya 4. Seladoni ziko orofa ya tatu. Tafuta chetezo kilichobebwa na sungura watatu. Ukisimama hapo na picha za vigae vyako vya Gede kwenye simu, somo la gilezi nene na nyembamba litaisha ndani ya dakika tano. Angalia kalenda pia: sikukuu ya Chuseok huangukia Septemba au mapema Oktoba, siku yenyewe makumbusho hayo hufungwa, na treni hujaa siku zake zote.

Beba darubini ndogo ya jicho moja inayoweza kuona karibu, ya kukuza mara 4 au 6. Kwa laksi 50 macho huchukua dakika kadhaa kuzoea, kwa hiyo usiingie kutoka juani na kukimbilia picha ya kwanza. Anza katikati ya chumba, rudi mwanzoni baadaye. Taa ya simu usiiwashe kabisa. Kitako hutakiona mara nyingi, ila kabati zingine zina kioo chini. Chuchumaa uangalie. Vitabu vya zamani huandika namba, kama "Hazina ya Taifa Na. 68" kwa chupa ya makorongo. Tangu mwishoni mwa 2021 namba hizo hazitumiki tena rasmi, kwa hiyo usishangae lebo ikikosa namba.

Utataka kununua kitu. Nunua nakala mpya kutoka kwa wafinyanzi wa Icheon au Gangjin, iliyosainiwa chini. Muuzaji akikuambia chupa yake ni ya Goryeo, basi ama anakudanganya, ama anakuuzia kitu usichoweza kutoka nacho. Na hata ukinunua kitu kinachoonekana tu kuwa cha kale, sanduku la mbao au kitabu cha zamani, kipitishe kwanza kwenye ofisi ya ukaguzi wa mali za urithi iliyo uwanja wa ndege wa Incheon, wakupe hati kwamba si mali ya urithi. Fanya hivyo kabla mzigo haujapokelewa na shirika la ndege, na fika mapema, katika saa za ofisi.